Kupunguza Makunyanzi ya Uso kwa Njia za Asili: Anza na Jua, Kisha Uje Jikoni

Kabla ya kununua chochote, simama mbele ya kioo mchana, karibu na dirisha, ulinganishe ngozi ya shavu lako na ngozi ya upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko, mahali ambapo nguo hufunika siku zote. Ngozi hizo mbili zina umri mmoja, zimelishwa chakula kimoja na zimerithiwa kwa wazazi wale wale, lakini ile ya mkono huwa laini na yenye rangi moja hata kwa mtu aliyevuka miaka 60. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo imeletwa na jua. Ndiyo sababu mwongozo huu unaanzia kwenye kofia na mtandio kabla ya kufika kwenye asali, ingawa najua kwamba wengi wanaosoma habari za makunyanzi wanatafuta kwanza kitu cha kuchanganya kwenye bakuli.

Chini ya tabaka la juu la ngozi kuna nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zinazoipa ngozi uimara, na nyuzi za elastini, zinazoirudisha mahali pake baada ya mtu kucheka au kukunja uso. Tangu ujana wa miaka ya ishirini mwili huanza kupoteza kolajeni kwa takriban asilimia 1 kila mwaka, na kwa wanawake upungufu huo huongeza kasi hedhi inapokoma, kiasi kwamba katika miaka 5 ya kwanza baada ya hapo karibu asilimia 30 inaweza kutoweka. Huo ni uzee wa kawaida, na hakuna bakuli la jikoni linalousimamisha. Unaoweza kupunguzwa ni uzee wa ziada, ule unaoletwa na miale ya jua, moshi, sigara na vipodozi vikali. Wenye ngozi nyeusi tuna akiba ya melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, inayochelewesha makunyanzi, mara nyingi kwa muongo mzima tukilinganishwa na wenye ngozi nyeupe, lakini kwetu dalili hupitia mlango mwingine: madoa meusi mashavuni, rangi isiyolingana, na mashavu kulegea hadi mkunjo unaotoka puani kwenda kwenye pembe ya mdomo ukazidi kina.

Miale ya jua inayohusika ni ya aina mbili. Miale ya UVB ndiyo inayounguza, na mtu huihisi. Miale ya UVA haiumi, hupenya kioo cha dirisha, na huzama hadi kwenye kolajeni yenyewe. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori mwenye umri wa miaka 69, aliyekuwa ameendesha kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa ukielekea dirishani, ulikuwa na makunyanzi mazito na mifereji, ilhali upande wa kulia ungeweza kudhaniwa kuwa wa mdogo wake. Kwa dereva wa daladala au wa matatu, ambaye usukani wake uko kulia, shavu la kuangaliwa ni la kulia.

Shirika la Afya Duniani hushauri watu wajikinge pale kipimo cha nguvu ya miale hiyo, kiitwacho UV Index, kinapofika 3, na kuanzia 11 huhesabiwa kuwa ni kiwango cha kupindukia. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja hufikia kiwango hicho wakati wa adhuhuri katika miezi mingi ya mwaka. Baridi ya Nairobi nayo isimdanganye mtu, kwa kuwa mji huo uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 za mwinuko huongeza miale kwa takriban asilimia 10. Wanawake wanaolima mwani Paje na Jambiani, huko Unguja, hupigwa na jua mara mbili, la juu na lile linaloakisiwa na maji na mchanga mweupe, hivyo kofia peke yake haiwatoshi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kupanga siku. Shughuli za nje zinazoweza kusogezwa zifanyike kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Anayelazimika kutoka katikati ya saa hizo avae kofia ya ukindu yenye ukingo mpana unaofunika masikio na shingo, kwa sababu kapelo huacha mashavu wazi. Mtandio au kanga hufaa sana iwapo kitambaa kimefumwa kwa kubana. Kiinue kuelekea kwenye mwanga, na ukiona vidole vyako waziwazi kupitia kitambaa, basi na jua linapita vivyo hivyo. Mwavuli usiwe wa mvua pekee. Miwani ya jua husaidia kwa njia mbili, yaani hukinga ngozi nyembamba ya kope na humwondolea mtu tabia ya kukaza macho, ambayo ndiyo huchora mistari pembeni mwa jicho.

Losheni ya kuzuia jua haichumwi shambani, na wapo wanaoikataa kwa sababu hiyo, lakini sioni namna ya kuiacha nje ya mwongozo wa kweli. Huko Nambour, Australia, watu wazima 903 wenye umri wa chini ya miaka 55 walifuatiliwa kwa miaka 4 na nusu katika miaka ya 1990, na waliopangiwa kupaka losheni kila siku walikuwa na dalili za kuzeeka kwa ngozi pungufu kwa asilimia 24 kuliko walioachiwa kupaka wapendavyo. Wengi wao walikuwa weupe, hivyo ukubwa wa faida hauwezi kuhamishiwa kwetu kama ulivyo, lakini kolajeni yetu haikuumbwa kwa udongo mwingine. Chagua yenye SPF, yaani kipimo cha kinga dhidi ya miale inayounguza, ya 30 au zaidi, na inayotaja kukinga UVA pia. Zile zenye zinki oksaidi haziwashi ngozi nyepesi kuudhika, ila huacha weupe kama wa majivu kwenye ngozi nyeusi, na dawa yake ni kununua iliyotiwa rangi ya kahawia. Kiasi cha uso na shingo ni mistari miwili iliyokamuliwa kwenye urefu wa kidole cha shahada na cha kati. Rudia kila baada ya saa 2 ukiwa nje. Hapa kwetu losheni hizi zimezoeleka zaidi kwa watu wenye ualbino, ambao kwao ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi, na ile iitwayo Kilisun hutengenezwa kwa ajili yao hospitalini KCMC, Moshi. Mafuta ya nazi, ya karoti au ya ufuta hayashiki nafasi hii hata yakipakwa mazito.

Baada ya jua ni kunawa, na hapa kosa letu kubwa ni sabuni. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, kati ya 4.5 na 5.5 kwenye kipimo cha pH, lakini sabuni ya mche hufika 9 au 10, na ile hali ya uso kukaza na kulia chini ya vidole, ambayo tumefundishwa kuiita usafi, ni dalili kwamba mafuta ya asili yameondoka. Ngozi kavu huonyesha kila mstari. Nawa uso mara 2 kwa siku kwa maji ya kawaida au ya uvuguvugu, tumia sabuni isiyo kali usiku tu ili kuondoa vumbi na jasho, acha dodoki kwa ajili ya visigino, na ukaushe kwa kubonyeza taulo badala ya kusugua.

Ndani ya dakika 3 baada ya kunawa, uso ukiwa bado na unyevu, paka mafuta. Mafuta hayaleti maji kwenye ngozi. Kazi yake ni kuyafungia yaliyopo, na ndiyo maana yakipakwa juu ya ngozi iliyokwisha kukauka hung'arisha tu. Matone 3 au 4 yanatosha: yapashe moto kati ya viganja, kisha ubonyeze usoni kutoka katikati kwenda nje. Mafuta ya nazi yanayopatikana kwa kuchemsha tui hadi uto ujitenge ni mazuri kwa ngozi kavu, lakini huziba vinyweleo na kuleta chunusi kwa wenye ngozi ya mafuta, ambao wangefaa zaidi kutumia ya ufuta au ya mbegu za ubuyu. Siagi ya mti wa shea inayotoka kaskazini mwa Uganda ni laini na huyeyuka mkononi. Nikiri jambo moja lisilopendeza kwa wapenda asili: mafuta ya mgando ya dukani, yale ya bei nafuu tuliyopakwa utotoni kabla ya kwenda shule, huzuia maji kupotea kuliko mengi ya yale yenye maua kwenye lebo.

Sasa tuje kwenye bakuli. Asali huvuta na kushika unyevu, na maziwa ya mgando yana asidi laktiki, ambayo huondoa polepole seli zilizokufa juu ya ngozi. Changanya kijiko kimoja cha chai cha asali halisi na vijiko viwili vya mgando usiotiwa sukari, paka kwenye uso safi, kaa dakika 10 hadi 15, suuza kwa maji, kisha upake mafuta. Mara 2 kwa wiki zinatosha. Mistari midogo itaonekana kufifia kwa sababu ngozi imejaa maji, na kesho yake mingi itarudi. Hiyo ndiyo kazi ya bakuli, na ni halali kuipenda kwa kadiri hiyo.

Shubiri, ambayo wengi huiita alovera, inahitaji uangalifu kidogo. Kata jani nene la chini, lisimamishe kwenye kikombe kwa dakika 15 ili utomvu wa manjano uchuruzike, kwa kuwa ndio unaowasha, kisha menya na utumie ute mweupe wa ndani peke yake. Huo hutuliza ngozi iliyochomwa na jua. Kwa upande wa pwani tunayo liwa, mti wenye harufu unaosuguliwa kwenye jiwe la msio pamoja na maji au marashi hadi utoe uji mzito, na ambao pamoja na singo umetumika vizazi na vizazi katika kumwandaa bi harusi. Ndugu zetu wa Komoro hupaka uji wa namna hiyo uitwao msindzano, na wanawake wa Kimakua wa pwani ya Msumbiji hupaka ule uitwao mussiro, tena wengine hutoka nao mchana uso ukiwa umefunikwa weupe. Uji wa liwa ukikauka huivuta ngozi ikaonekana imekaza kwa saa chache, lakini ukiachwa muda mrefu hukausha, hivyo uoshe kabla haujaanza kupasuka. Kila kitu kipya kijaribiwe kwanza upande wa ndani wa kiwiko na kiachwe siku nzima, kwa sababu hata asali humkataa mtu.

Yapo yanayosifiwa ambayo ningeyaondoa kabisa. Ndimu na limau zina kemikali ambazo, zikikutana na jua, huunguza ngozi na kuacha madoa meusi ya miezi mingi. Magadi ni makali kuliko sabuni ya mche. Mkorogo ndio adui mkubwa zaidi. Krimu nyingi za kung'arisha zina haidrokwinoni, zebaki au dawa za steroidi, na steroidi hasa huikondesha ngozi hadi mishipa ikaonekana, ikapata mikunjo ambayo mtu hakuwa nayo alipoanza. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, unaohusu zebaki, umepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, lakini vingali vinauzwa mitaani. Aliyetumia steroidi kwa muda mrefu asiache ghafla peke yake. Amwone daktari wa ngozi amwelekeze namna ya kupunguza.

Katika chakula, mwili hauwezi kuunda kolajeni bila vitamini C, na pera moja lina zaidi ya mara tatu ya kiasi kinachopatikana kwenye uzito ule ule wa chungwa. Ubuyu nao umejaa, mradi si ule uliozamishwa kwenye sukari na rangi. Karoti, mchicha na nyanya hutoa faida zaidi zikiungwa kwa mafuta au tui, kwa sababu viini vyake vya rangi huyeyuka kwenye mafuta. Ongeza dagaa na kunde kwa ajili ya protini, kisha punguza sukari ya chai, maana ikizidi kwenye damu hujishikiza kwenye nyuzi za kolajeni na kuzifanya ngumu na rahisi kukatika. Kunywa maji kwa kiu yako. Lita nyingi zaidi ya hapo hazifuti mkunjo.

Sigara hubana mishipa midogo inayolisha ngozi na huchora mistari kuzunguka midomo, na hilo halihitaji maelezo marefu. Moshi wa jikoni husahaulika. Uchunguzi uliofanywa kwa wanawake wa China uliona kwamba waliopika kwa makaa na kuni walikuwa na mikunjo ya uso yenye kina zaidi, hivyo kuhamishia jiko la mkaa uani, au kukaa upande ambao upepo unatoka, ni huduma ya ngozi pamoja na ya mapafu. Anayelala kifudifudi au upande mmoja miaka yote hupata mistari upande huo huo; ajizoeze kulala chali, au atandike mtandio laini juu ya mto.

Ukianza leo, piga picha ya uso asubuhi kabla ya kupaka kitu, dirisha lile lile, bila kutabasamu, na urudie kila baada ya miezi 3. Ukavu utapungua ndani ya wiki moja au mbili. Madoa huchukua miezi, na hurudi haraka ukiacha kujikinga kwa wiki moja ya jua kali. Mikunjo iliyokwisha kuzama itabaki, na kinachopaswa kuonekana kwenye picha ya mwaka wa pili na wa tatu ni kwamba haijaongezeka.