Gia boksi ya oto ikivuja usikimbilie kushusha
Wenye pikapu za oto (gia zinazojibadilisha zenyewe), ukikuta oili nyekundu chini ya gari asubuhi usikubali fundi aishushe gia boksi siku hiyo hiyo. Osha chini kote, zunguka nayo kama nusu saa halafu tandika boksi la karatasi chini ya gari usiku uone inadondokea wapi, maana ukiwa barabarani upepo unaisukuma oili nyuma inakudanganya. Mara nyingi ni gasketi ya sampo (lile bakuli la oili chini ya gia boksi) au zile paipu zinazoenda kupoozwa kwenye rejeta, na bolti za sampo jamani msizikaze kwa nguvu za trekta, sampo inapinda inavuja zaidi (yamenikuta). Ikitokea pale injini inapokutana na gia boksi, hiyo mara nyingi ni sili ya mbele ya gia boksi, kushusha lazima.