Kabla ya kupanda Elephant Hill, panga nguo zako

Kila ninapotaja Elephant Hill, kilele cha milima ya Aberdare, watu wa Nairobi huniuliza habari za ndovu. Ndovu wapo, nyati pia, ndiyo maana hupandi bila askari wa msitu. Panga mapema kupitia kituo cha misitu cha Njabini. Lakini mimi ninachoogopa zaidi ni baridi.

Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kilele kile cha Aberdare kinapita mita 3,500. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi kama 6. Ukiacha nyuzi 20 mjini, juu utakuta 9 hivi, na hapo sijataja upepo wala mvua.

Viatu viwe vyenye meno na miguu iwe imevizoea, maana kwenye mianzi ni tope tupu. Maji lita tatu, kwenye chupa ya kujaza tena. Plastiki ya kutumika mara moja ni marufuku kwenye mbuga na misitu yetu tangu Juni 2020. Chakula kiwe cha kushibisha: viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, njugu. Saa kumi na moja alfajiri uwe barabarani.

Sasa nguo, na hapa nisikilize vizuri. Safari moja tulikuwa na kijana mwenye nguvu kutushinda sote, amevaa jinzi na hudi ya pamba. Aliyeandaa safari alikuwa amewaambia watu wavae vizuri, basi. Chini ya ile miti mikubwa ya kale kijana alitoka jasho mpaka hudi ikalowa. Tulipoipita mianzi tukatokea kwenye vichaka vya juu, pasipo na mti wa kujikinga, mvua ikaja pamoja na upepo. Akatetemeka sana, kisha akaacha. Wenzake wakadhani amepata nafuu. Nikamtazama akijaribu kufunga chupa yake: kifuniko kiko mkononi, vidole havikishiki. Kumsemesha, anajibu kama mlevi. Mara akaanza kufungua zipu, anasema anasikia joto.

Mtu aliyelowa akifika hapo, kifo kiko karibu. Tulimvua nguo zote mbichi nyuma ya jiwe, tukamvika sweta kavu na boshori za wenzake, tukambana katikati yetu, tukamnywesha chai ya moto yenye sukari, kidogo kidogo, kwa kuwa bado aliweza kumeza. Hatukumsugua mikono wala miguu, na aliyetoa kichupa cha pombe alikatazwa. Alipoanza kutetemeka tena ndipo nilipopumua. Tukageuka hapo hapo, kilele tukakiacha.

Kwa hiyo pamba ibaki nyumbani. Kwenye masoko ya Gikomba na Toi, Nairobi, kuna flisi na suruali nyepesi za poliesta kwa bei ya mtumba. Ongeza koti la mvua, glavu na boshori. Kisha weka seti nzima kavu, soksi zikiwemo, ndani ya mfuko usiopenya maji, chini kabisa ya begi, na usiiguse ila kwa shida. Ukianza kusikia jasho msituni, punguza nguo moja mapema. Mwenzako aliyelowa akiacha kutetemeka, simamisha kikundi kizima, hata kiongozi akinuna.

Kubalianeni saa ya kugeuka kabla ya kuanza. Mimi nasema saa saba mchana, mmefika au hamjafika, kwa sababu kufika saa moja usiku ni giza, na mianzini linatangulia. Tochi ya kichwani kila mtu na yake. Mtandao hupotea, basi mwachie mtu wa nyumbani jina la kituo na saa mnayotarajia kushuka. Machi hadi Mei mvua ni nyingi, Oktoba hadi Desemba pia. Usimtangulie askari. Maji ya mto usiyanywe hivi hivi. Kichwa kikikuuma sana huko juu, sema mara moja, ushuke.