Shaka, chaka, taka: jinsi ya kupima mwenyewe akili inavyogawa sauti

Ukitamka "shaka" na mimi nikalitamka, sauti zetu hazilingani kabisa, na hata wewe ukirudia mara kumi hutapata mbili zinazofanana, lakini anayesikiliza anasikia sh ileile kila mara. Hiyo sh moja iliyoko kichwani ndo wanaisimu wanaiita fonimu. Edward Sapir aliandika mwaka 1933 kuhusu watu waliokuwa wanasikia kwenye lugha zao vitu ambavyo kwenye sauti yenyewe havipo, na tangu hapo watu wanaumiza vichwa akili inaitunza vipi hiyo fonimu. Mimi nalipenda sana hili swali kwa sababu jibu lake, angalau kipande chake, unaweza kulitafuta wewe mwenyewe ukiwa na simu, kompyuta na hedifoni.

Jaribio lenyewe liko hivi. Unarekodi "shaka" moja, alafu unakata ule mkwaruzo wa mwanzo kidogo kidogo. Ukifika mahali fulani watu wanaanza kusikia "chaka" wakati hakuna mtu aliyetamka ch, ukizidi kukata wanasikia "taka", na wengine "daka". Rekodi ni moja, mtamkaji ni mmoja, kilichobadilika ni urefu tu wa kelele ya mwanzo.

Kurekodi: chumba kimya, simu iwe kama sentimita 15 kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili pumzi isiipige maiki. Tamka neno mara tano kwa sauti ya kawaida, usiimbe, alafu chagua lililotoka safi. Hifadhi kama WAV, na tafadhali usijitumie kwa meseji za sauti, zile zinabana faili na kinachoharibika kwanza ni huo huo mkwaruzo wa juu unaoutaka.

Sasa pakua Praat, programu ya bure iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, watu wa fonetiki, yaani elimu ya sauti za usemi, duniani kote wanaitumia. Fungua rekodi yako utaona picha ya mawimbi: mwanzoni kuna vinywele vinywele vingi visivyo na mpangilio, hiyo ndo sh, alafu ghafla yanakuja mawimbi makubwa yanayojirudia, hiyo ni a. Kuza picha mpaka uone vizuri zinapokutana. Mkwaruzo wa sh mwanzoni mwa neno mara nyingi unakaa karibu milisekunde 150 mpaka 200, ila wewe pima wa kwako usiniamini mimi. Toa milisekunde 20 za mwanzo, hifadhi, toa 20 nyingine, hifadhi, hivo hivo mpaka ubaki na a karibu peke yake, na usiiguse a yenyewe kwenye klipu yoyote. Kila mkato uweke pale wimbi linapovuka mstari wa sifuri, la sivyo utasikika mlio mdogo wa "tk" na msikilizaji ataufuata huo. Utapata klipu kama 8 au 10.

Kuna kitu kimoja watu wengi hawakioni hapa. Sh halisi inaanza taratibu, inapanda, wakati ch inaanza ghafla. Mkato wako wa kwanza unafupisha mkwaruzo na pia unaufanya uanze ghafla, kwa hiyo kati ya klipu isiyokatwa na ile ya kwanza iliyokatwa yamebadilika mambo mawili kwa pamoja. Ile isiyokatwa itumie kumzoesha msikilizaji tu, usiiingize kwenye hesabu.

Kusikiliza. Kila klipu ichezwe mara 10, zote zikiwa zimechanganywa, na mtu achague kati ya "shaka", "chaka" na "taka". Kuchanganya ni lazima kabisa, mara ya kwanza mimi nilizipanga kuanzia ndefu mpaka fupi, na wasikilizaji wakaendelea kujibu "shaka" kwa mazoea hata pale ambapo wangeshabadilisha, nikatupa majibu yote. Ndani ya Praat kuna sehemu ya kuendesha majaribio inayochanganya yenyewe na kuandika majibu. Waambie kabla kwamba maneno ni hayo matatu, na kwamba chaka ni kichaka kikubwa, maana wapo wasiolitumia kabisa. Hii ina uzito: William Ganong alionyesha mwaka 1980 kwamba sauti ikiwa katikati, mtu huivuta kuelekea upande unaotoa neno halisi. Ndo maana sikuchagua "shule" na "chule", ungepata watu wanang'ang'ania shule muda mrefu kupita kiasi.

Ukimaliza hesabu asilimia ya kila jibu kwa kila klipu na uchore grafu. Ungetegemea mteremko wa taratibu, kwa sababu umekata kwa hatua sawa. Mara nyingi utaona kama genge, yaani ukingo wa mwamba unaoshuka ghafla: klipu kadhaa karibu zote "shaka", alafu ndani ya hatua moja au mbili linaanguka. Alvin Liberman na wenzake wa Haskins Laboratories walionyesha kitu cha namna hii mwaka 1957 kwa b, d na g.

Sasa hapa ndo naomba usikimbilie kusema "akili inatupa tofauti ndogo zote". Hiyo grafu imekuonyesha majina ambayo watu wanazipa sauti, basi. Kujua kama tofauti zimepotea kweli unahitaji jaribio la pili: mchezee mtu klipu mbili zilizopishana milisekunde 40, alafu ya tatu iwe nakala ya mojawapo, aseme inafanana na ipi. Akibahatisha tu atapata nusu. Jozi zinazovuka mpaka wa genge kawaida anazipata vizuri zaidi kuliko jozi zilizo upande mmoja, ila hata hizo za upande mmoja usishangae akizidi nusu. Pisoni na Tash walipima muda wa kujibu mwaka 1974 na wakakuta mtu anachelewa kusema "ni sauti moja" pale zinapotofautiana kidogo hata kama anaziita jina moja, maana yake habari ilimfikia. Na ukitaka kurudia yote haya kwa irabu jua kwamba huko watu wanasikia tofauti ndogo vizuri zaidi, genge linalainika.

Usiseme pia kwamba mpaka umeletwa na lugha peke yake. Kuhl na Miller mwaka 1975 waliwafundisha chinchila, wanyama wadogo wa jamii ya panya, kutenganisha t na d, na mpaka wao ukaangukia karibu na wa watu wanaozungumza Kiingereza. Upande wa pili, Werker na Tees mwaka 1984 walikuta watoto wa miezi 6 mpaka 8 wanatofautisha sauti za lugha wasiyoisikia nyumbani, na ikifika miezi 10 mpaka 12 uwezo huo umeshuka sana. Sikio linaleta mipaka yake, lugha inakuja kuchagua ipi ya kubaki nayo.

Kwa hiyo kabla mtu hajavaa hedifoni muulize lugha aliyokua nayo na uiandike, jina lake huhitaji. Aliyekulia lugha isiyotenganisha r na l anaweza kusikia "mahali" na "mahari" kama neno moja, na wapo Waswahili wa pwani ambao paa wa porini na paa la nyumba kwao zina p mbili tofauti, moja ina pumzi nyingine haina, wakati wengine wetu hatusikii kitu. Ukichanganya watu hao wote kwenye grafu moja genge litaonekana kama mteremko hata kama kila mmoja ana genge lake, kwa hiyo chora ya kila mtu peke yake kwanza, wastani ufuate baadaye.