Mbegu za bustani kutoka ng'ambo: kuzichagua, kuzileta na kuziotesha kwetu Tanga

Kabla hujamwambia ndugu yako wa Uingereza akununulie hata pakiti moja, omba kibali kwanza. Kwa Tanzania, kibali cha kuingiza mbegu unakiomba Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Kenya ni KEPHIS. Taja kila mmea kwa jina la kitaalamu pia: nyanya ni Solanum lycopersicum, kitunguu maji ni Allium cepa. Kibali kikitoka, mtumie ndugu yako nakala, naye aende kwa wakaguzi wa mimea wa huko aliko apewe cheti cha afya ya mimea kitakachosafiri na mzigo. Akishuka uwanja wa ndege, azitangaze mbegu na karatasi zake azionyeshe mwenyewe. Ziwe kwenye pakiti za dukani zilizofungwa, zenye jina la aina na mwaka. Zilizofungwa kwenye leso, au zenye chembe za udongo, zibaki huko huko. Ukitaka kufanya biashara ya mbegu, hapo kuna TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu Tanzania, na masharti yake.

Karatasi hizi zina maana. Kuna kirusi cha nyanya, ToBRFV, kilichozuka Israel na Jordan mwaka 2014 na 2015, ambacho hukaa juu ya ganda la mbegu. Ukiitazama mbegu kwa macho huoni kitu. Gugumaji lililolifunika Ziwa Victoria nalo ni mmea uliosambazwa duniani kwa ajili ya maua yake. Mwenye shamba la nyanya jirani yako analipa ada ya shule kwa nyanya hizo, basi mhurumie.

Sasa uchaguzi, na hapa ndipo wengi hupoteza pesa kwa kutazama picha ya pakiti. Jiulize mbegu hiyo ilizoeshwa jua la wapi.

Kitunguu ndicho mfano mzuri kuliko yote. Si samadi nyingi inayokifanya kifunge kichwa. Hufungwa na urefu wa mchana. London mwezi Juni mchana unapita saa 16, na vitunguu vya huko, kama Ailsa Craig, vinangoja saa 14 au zaidi ndipo vianze kujaza. Tanga mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, tofauti ya siku ndefu na fupi haifiki saa moja. Basi Ailsa Craig atakupa majani mazuri ya kijani mpaka uchoke, chini shingo nene tu kama liki. Tafuta pakiti iliyoandikwa kuwa ni aina ya mchana mfupi: Red Creole, Bombay Red, Texas Grano. Na hizo mara nyingi zipo kwenye maduka ya pembejeo hapa hapa, huhitaji ndege.

Nyanya tatizo lake ni usiku. Usiku ukiwa na joto la nyuzi 24 na kupanda, maua mengi hupukutika bila kushika tunda. Mimi nasia kitaluni Aprili, chini ya paa ili mvua ya masika isiipige miche, maua yatoke Juni na Julai wakati wa kipupwe. Nyanya ndogo ndogo za cheri huvumilia joto kuliko zile kubwa za kukata vipande. Ukiwa Lushoto, karibu mita 1,400 juu, hesabu inabadilika: kabichi, karoti na saladi za Ulaya zinakubali vizuri. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi 6.

Ndiyo maana nawaambia ndugu walio nje waagize aina zilizozalishwa India, Thailand au Florida. Mkonge uliojenga mji wetu asili yake ni Meksiko, nchi ya jua. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na mwaka 1893 iliyofika hai ilikuwa 62. Ilitosha, kwa sababu ilikuta joto inalolijua.

Saladi pwani inahitaji ujanja. Udongo ukipita nyuzi 30, mbegu yake hulala tu. Iloweke kidogo, itandaze kwenye kitambaa chenye unyevu, kunja, weka droo ya chini ya friji au ubavuni mwa mtungi wa maji. Fungua kila siku utazame: ukiona ncha nyeupe imechungulia kwenye ganda, isie jioni hiyo hiyo, juu juu, usiizike, maana inapenda mwanga. Weka kivuli cha makuti mpaka ishike.

Kila mbegu ngeni ioteshe kwenye trei ya peke yake, mbali na bustani. Jani likitoka na mabaka au likajikunja na kuwa jembamba, ng'oa, choma moto, nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa mche mwingine. Usitupe kwenye mboji.

Zinazobaki zihifadhi, kwani unyevu wa pwani huua mbegu upesi. Kaanga mchele mkavu bila mafuta hadi ugeuke rangi, uache upoe ndani ya chombo kilichofunikwa, mimina chini ya chupa ya kioo, weka pakiti juu, kaza kifuniko, tia friji. Siku ya kuitoa, iache chupa ipate joto la chumba kwanza ndipo uifungue, la sivyo jasho la baridi litaingia kwenye mbegu. Vitunguu usivitegemee zaidi ya mwaka mmoja. Nyanya hukaa miaka minne na zaidi. Ukiwa na shaka, jaribu mbegu 10 kwenye karatasi mbichi: zikiota chini ya 5, sia mara mbili ya kawaida au agiza mpya.