Somo: Kuorodhesha nondo kwa shuka na taa

Ndugu zangu wa Uyui, Sikonge, Urambo na Kaliua, mvua za kwanza zikishanyesha nondo hujaa, na msimu wetu ndio huo. Nazungumzia mdudu anayezunguka taa usiku, si chuma cha zege.

Kwanza chagua usiku wenye joto, upepo kidogo na usio na mbalamwezi. Mwezi ukiwaka, taa yako huvuta wachache.

Funga kamba kati ya miti miwili, tundika shuka jeupe, upindo wa chini ulale ardhini. Taa ya sola iwe mbele yake, hatua moja hivi. Anza giza likiingia. Ukiweza vumilia hadi saa sita, maana wale wakubwa wenye alama za macho mbawani mara nyingi huchelewa.

Piga picha kutoka juu, rula ikiwa pembeni, kisha nyingine ya vipapasio: vya nondo huwa kama uzi au unyoya, vya kipepeo vina kirungu nchani. Ukimwona anatetemesha mbawa bila kuruka, anapasha misuli moto. Mwache, usimguse.

Sasa kuandika, na hapa ndipo tunapopoteza kazi. Msimu uliopita nilipiga picha safi kabisa ya nondo wa kijani, lakini simu ilikuwa haijawashwa kunasa mahali (GPS), na daftari sikushika. Mpaka leo sijui nilikuwa kijiji gani usiku ule. Andika papo hapo: tarehe, saa, kijiji, miti ya jirani, kama ni mininga, mitundu au shamba la tumbaku. Usiku usiopata hata mmoja uandike pia. Ukipandisha picha iNaturalist, ile tovuti ya kuweka picha za viumbe, na jina hulijui, weka "nondo" tu, usibahatishe.

Ukimaliza zima taa, kung'uta shuka taratibu majanini. Ukiliacha, alfajiri ndege watakula nondo wote.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Eti vumbi la mbawa linapofusha?*
Marahaba. Hapana, ni magamba madogo sana. Likikuwasha jichoni, nawa kwa maji safi. Wa kujihadhari nao ni viwavi wenye manyoya. Baadhi huwasha vibaya.

*Mimi mfuga nyuki, Sikonge. Nimemkuta mkubwa mzingani, mgongoni ana kama fuvu, ukimshika analia!*
Mzee wangu, huyo kwa maelezo yako ni Acherontia atropos. Huingia kunywa asali, na sauti hiyo ni hewa anayoipitisha kooni. Tafadhali tupatie picha na tarehe. Ninyi wa mizinga mnawaona ambao shuka letu haliwapati.

*Viwavi wenye pembe mkiani kwenye viazi vitamu nao tuwaandike?*
Ndiyo, dada. Mara nyingi ni viwavi wa nondo aitwaye Agrius convolvuli. Mweke mmoja kwenye ndoo yenye udongo laini na majani ya viazi, funika kwa chandarua. Atajifukia mwenyewe. Siku atakayotoka na mbawa, andika tarehe hiyo pia.