Kuanzisha SHA-256 kwenye C kwa OpenSSL 3: hatua inayonakiliwa bila kuulizwa

Mifano karibu yote ya C inayokokotoa hashi (alama fupi ya kutambulisha data) kwa maktaba ya OpenSSL ina miito mitatu inayofuatana: Init, Update, Final. Update na Final hazisumbui, maana moja inalisha data na nyingine inatoa jibu. Init ndiyo watu huinakili na kupita. Hapa tutaandika programu ndogo ya kuhakiki faili, tuseme ISO (faili la kusakinishia mfumo) uliyoipakua kwa bando likakatika njiani, na tukifika kwenye Init tutakaa.

Nachukulia kwamba vielekezi na kumbukumbu za C unazifahamu. Na kama lengo lako ni kuhifadhi nywila za watumiaji, usiendelee na mwongozo huu: SHA-256 ina kasi mno kwa kazi hiyo, na mwizi wa nywila huifurahia kasi hiyo kuliko wewe. Tafuta Argon2, algoriti iliyotengenezwa kwa ajili ya nywila.

Hatua ya 1: Andaa mashine

Ubuntu 22.04 na Debian 12 tayari zinakuja na OpenSSL 3. Unachohitaji ni heda zake na kompaila:

```
sudo apt install build-essential libssl-dev
openssl version
```

Ukiona 1.1.1, panda toleo kwanza. Hilo liliacha kupata matengenezo ya bure Septemba 2023. Mifano ya zamani yenye `SHA256_Init` bado inapita kwenye kompaila, lakini tangu toleo 3.0 la mwaka 2021 unapewa onyo kwamba fankisheni hizo zimewekwa kando. Tutatumia zile za EVP, yaani zenye majina yanayoanza na `EVP_`.

Hatua ya 2: Chukua algoriti

```c
EVP_MD *md = EVP_MD_fetch(NULL, "SHA256", NULL);
if (md == NULL) goto mwisho;
```

Wengi huandika `EVP_sha256()` na kazi inakwenda. Tofauti ni kwamba kwenye OpenSSL 3 `EVP_sha256()` inakupa jina tu, na utekelezaji wenyewe unatafutwa kila mara unapoita Init. Kwa faili moja hutaona chochote. Kwa seva inayohashi jumbe fupi kwa maelfu, kuutafuta utekelezaji mara moja na kukaa nao kuna faida.

Usiache kuangalia NULL. Omba `"MD4"` badala ya `"SHA256"` uone: OpenSSL 3 iliihamishia kwenye kundi la algoriti kongwe ambalo halipakiwi lenyewe, kwa hiyo unarudi mikono mitupu.

Hatua ya 3: Tengeneza muktadha

```c
EVP_MD_CTX *ctx = EVP_MD_CTX_new();
if (ctx == NULL) goto mwisho;
```

Muktadha ndio mahali hali ya kazi inapokaa: umefika wapi, na baiti zipi zinasubiri bloku (kipande cha baiti 64 kinachokokotolewa kwa pamoja) ijae. Tangu toleo 1.1.0 umbo lake la ndani limefichwa, kwa hiyo huwezi kuutangaza kama kigeu cha kawaida ndani ya fankisheni. Ukikutana na `EVP_MD_CTX_create`, ni jina la kale la kitu hiki hiki.

Hatua ya 4: Anzisha

```c
if (EVP_DigestInit_ex2(ctx, md, NULL) != 1) goto mwisho;
```

Mstari mmoja tu. Kinachofanyika ndani yake ndicho kinachoifanya SHA-256 iwe SHA-256.

Kuanzisha hashi si sawa na kurudisha mizani kwenye sifuri kabla ya kupima. SHA-256 haianzi na sifuri hata kidogo. Inaanza na maneno manane ya biti 32 kila moja:

```
6a09e667 bb67ae85 3c6ef372 a54ff53a
510e527f 9b05688c 1f83d9ab 5be0cd19
```

Namba hizi unaweza kuzikokotoa mwenyewe. Chukua namba tasa nane za kwanza, kuanzia 2 hadi 19, tafuta kipeuo cha pili cha kila moja, tupa namba nzima, kisha chukua biti 32 za mwanzo za desimali iliyobaki. Kwa 2: kipeuo ni 1.41421356…, desimali yake mara 4294967296 inakupa 1779033703 na kitu, na 1779033703 kwa heksadesimali ni `6a09e667`. Algoriti hii ilibuniwa na NSA, shirika la ujasusi la Marekani, na kuchapishwa na NIST, taasisi ya viwango ya nchi hiyo. Kwa watu wenye kazi ya namna hiyo, kuchagua namba ambazo mwanafunzi yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuzihakiki kunapunguza shaka kwamba kuna mlango wa nyuma umefichwa ndani ya hizo namba.

Uzito wa hali ya mwanzo unaonekana zaidi ukimtazama ndugu yake, SHA-224. Mashine yake ni ile ile: bloku za baiti 64, mizunguko 64, hesabu zile zile. Yanayobadilika ni mawili, maneno manane ya kuanzia na kukata neno la mwisho la jibu. Kama SHA-224 ingeanza na maneno ya SHA-256, jibu lake lingekuwa tu SHA-256 iliyokatwa mkia. Lakini hashi ya `abc` kwa SHA-256 inaanza na `ba7816bf`, na kwa SHA-224 inaanza na `23097d22`. Data ni moja, hesabu ni moja, mwanzo ni mbalimbali.

Ndiyo maana kwenye msimbo wa zamani uliotumia `SHA256_CTX` moja kwa moja, `memset` ya sifuri haikuweza kushika nafasi ya Init. Kumbukumbu inakuwa safi, kompaila haisemi neno, na unachokokotoa si SHA-256 tena.

Kuhusu majina yanayofanana: `EVP_DigestInit_ex` bado ipo na inafanya kazi, ila hoja yake ya tatu ni ENGINE, utaratibu ambao OpenSSL 3 imeuweka kando. Kwenye `_ex2` nafasi hiyo ni ya vigezo vya ziada, na kwa SHA-256 huna cha kuweka, kwa hiyo NULL. Zote mbili hurudisha 1 zikifaulu. Linganisha na 1 waziwazi, tena kwa kila mwito, maana mwito wa hashi ulioshindikana hauna sura ya kushindikana: bafa yako ya jibu inabaki na chochote kilichokuwemo, na baiti 32 za takataka zikichapishwa kwa heksadesimali zinafanana kabisa na hashi halali.

Hatua ya 5: Lisha data, toa jibu

```c
unsigned char bafa[16384], hashi[EVP_MAX_MD_SIZE];
unsigned int urefu = 0;
size_t n;

while ((n = fread(bafa, 1, sizeof bafa, f)) > 0)
    if (EVP_DigestUpdate(ctx, bafa, n) != 1) goto mwisho;
if (ferror(f)) goto mwisho;

if (EVP_DigestFinal_ex(ctx, hashi, &urefu) != 1) goto mwisho;

for (unsigned int i = 0; i < urefu; i++)
    printf("%02x", hashi[i]);
putchar('\n');
matokeo = 0;
```

Fungua faili (`f`) kwa `"rb"`, na ulishe `n`, usilishe `sizeof bafa`. Kipande cha mwisho huwa kifupi. Jibu si tungo la C, kwa hiyo `%s` na `strlen` zikae mbali nalo: baiti ya sifuri inaweza kuwa popote ndani yake.

Vigeu vyote, pamoja na `int matokeo = 1;`, vitangaze juu kabisa ya fankisheni, na vielekezi uvipe NULL, ili `goto` isiruke tangazo lolote. Mwisho wenyewe ni huu:

```c
mwisho:
    if (matokeo) ERR_print_errors_fp(stderr);
    EVP_MD_CTX_free(ctx);
    EVP_MD_free(md);
```

Fankisheni hizi mbili za kuachilia hupokea NULL bila kulalamika. Heda unazohitaji ni `stdio.h`, `openssl/evp.h` na `openssl/err.h`.

Hatua ya 6: Jaribu

```
cc -Wall hakiki.c -o hakiki -lcrypto
printf 'abc' > jaribio.txt
./hakiki jaribio.txt
```

`-lcrypto` ije baada ya faili lako. Jibu lazima liwe:

```
ba7816bf8f01cfea414140de5dae2223b00361a396177a9cb410ff61f20015ad
```

Ukipata linaloanza na `edeaaff3`, programu yako ni nzima. Umetumia `echo`, nayo imeongeza mstari mpya mwishoni. Ukipata `e3b0c442`, umehashi utupu: faili halina kitu, au Update haikuitwa kabisa. Hiyo `e3b0c442` inafaa kuikariri, kwa kuwa utakutana nayo tena kwenye logi za seva za watu. Jibu jingine lolote, linganisha na `sha256sum jaribio.txt` kisha rudi Hatua ya 4.

Hatua ya 7: Kuanzisha tena

Una mafaili mengi? Huhitaji muktadha mpya kwa kila moja. Baada ya Final, ita `EVP_DigestInit_ex2(ctx, md, NULL)` tena na yale maneno manane yanarudi mahali pake. Kisichoruhusiwa ni kuita Update baada ya Final bila Init katikati.

Na ikiwa jumbe zako zote zina mwanzo mmoja mrefu, anzisha mara moja, lisha huo mwanzo, kisha nakili hali kwa `EVP_MD_CTX_copy_ex` kwa kila ujumbe. Kumbe basi hashi inaweza kuanzia hali yoyote, si yale maneno manane ya mwanzo tu.

Mshambulizi naye analijua hilo. Jibu la SHA-256 ni hali yote ya mwisho, maneno manane kamili. Ukitengeneza sahihi kwa kuhashi siri ikifuatwa na ujumbe, mtu mwenye jibu hilo anaweza kulipakia mahali pa maneno ya mwanzo, akaendelea kulisha data yake, akatoa sahihi halali ya ujumbe uliorefushwa bila kuijua siri. Anachohitaji kukisia ni urefu wake tu. Mwaka 2009 Thai Duong na Juliano Rizzo walionyesha udhaifu huu kwenye API ya Flickr, tovuti ya picha, iliyokuwa ikitumia MD5, algoriti ya hashi ya zamani zaidi, na SHA-256 ina umbo lile lile. Kwa kazi hiyo tumia HMAC, njia ya kuhashi ujumbe pamoja na ufunguo wa siri: `EVP_MAC_fetch(NULL, "HMAC", NULL)`, tengeneza muktadha kwa `EVP_MAC_CTX_new`, kisha `EVP_MAC_init`, ambayo inapokea ufunguo wako moja kwa moja, na jina `"SHA256"` unalipitisha kwenye vile vigezo vya ziada ambavyo huku tuliviachia NULL.