Namba tasa: ujue pa kuacha kugawanya

Ukiwa na miche 91 ya zabibu shambani Hombolo, unaweza kuipanda mistari 7, kila mstari miche 13. Ikiwa 97, hakuna mistari sawa utakayoipata, labda uipange yote kwenye mstari mmoja, au mche mmoja kila mstari. 97 ni tasa: haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. 91 si tasa, lakini huwaponyoka wengi kwa sababu haimo kwenye jedwali la kuzidisha linaloishia 12.

Chukua penseli na karatasi. Kikokotoo kiweke kando: kinatoa desimali, nawe hapa unatafuta baki. Isitoshe, mtihani wa darasa la saba hufanywa bila kikokotoo.

Hatua ya 1. Ondoa zilizo wazi. 0 na 1 si tasa. Shufwa iliyo tasa ni 2 peke yake, na kati ya zinazoishia na 5 ni 5 yenyewe tu.

Hatua ya 2. Jumlisha tarakimu. Jumla ikigawanyika kwa 3, namba nayo inagawanyika kwa 3. Ikishindikana kwa 3, usihangaike na 9 wala 15.

Hatua ya 3. Gawanya kwa namba tasa tu, kwa mpangilio: 7, 11, 13, 17, 19, 23 na kuendelea. Ipo njia ya mkato ya 7, ya kutoa mara mbili ya tarakimu ya mwisho. Iache. Kugawanya kwa kawaida kunakupa jibu pamoja na baki, na jibu hilo ndilo linaloamua hatua inayofuata.

Hatua ya 4. Jua pa kuacha. Hapa ndipo watu wanapopoteza alama, wengine kwa kuacha mapema, wengine kwa kugawanya hadi nusu ya namba yenyewe.

Chukua 1961, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika. Tarakimu zake jumla ni 17, kwa hiyo 3 haiingii. Kwa 7 jibu ni 280, baki 1. Kwa 11 ni 178, baki 3. Kwa 13 ni 150, baki 11. Kwa 17, 19, 23 na 29 bado kuna baki. Kwa 31 ni 63, baki 8. Aliyechoka hapa ataandika "tasa", na atakosa, maana namba inayofuata ni 37, na 37 × 53 ni 1961 kamili.

Sasa 1973, mwaka ulipotolewa uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma. Kila mgawanyo unaacha baki hadi 43, ambapo jibu ni 45, baki 38. Ukijaribu 47, jibu ni 41, baki 46. Jibu limekuwa dogo kuliko kigawanyo: acha. 1973 ni tasa.

Sababu ni kwamba vigawo huja viwili viwili. Kama kungekuwa na kigawo kikubwa kuliko 45, mwenzake angekuwa mdogo kuliko 45, na wadogo wote umeshawajaribu. Ukitaka kujua mpaka kabla ya kuanza, tafuta kipeuo cha pili: 44 × 44 ni 1936 na 45 × 45 ni 2025, kwa hiyo tasa ya mwisho ya kujaribu ni 43.

Angalia sana namba kama 1849. Ukigawanya kwa 41 jibu ni 45, baki 4, na mtu hushawishika kuishia hapo kwa kuona jibu limekaribia kigawanyo. Kukaribia hakutoshi. Endelea na 43: 43 × 43 ni 1849. Mtego huohuo umo kwenye 169, 289, 361 na 529.

Kila baki ihakikishe kwa kuzidisha kurudi nyuma: 43 × 45 ni 1935, ongeza 38, unapata 1973. Isiporudi, rudia mgawanyo huo mmoja tu, si orodha nzima.